Bolti kumi za urefu mmoja: kisa cha kava la klachi lililovuja Uyole

Malalamiko yalikuwa mafupi: pikipiki inavuja oili upande wa kulia, na tangu ifungwe bolti mpya inavuja kuliko ilivyovuja na zile za zamani. Ni CC 150 ya Kichina, injini ya mtindo wa Honda CG125, ile ya fimbo za kusukuma vali, ambayo fundi wa Mbeya anaweza kuifungua gizani. Inapiga kazi kati ya Uyole na Tukuyu, kama kilomita 60 za kupanda hadi Isongole na kuteremka upande wa pili. Inabeba abiria, viazi, na msimu wa kilimo ukifika inabeba mifuko ya mbolea.

Mbolea ina nafasi yake katika kisa hiki. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na punje za mbolea zilizodondokea kwenye injini zikiloa hugeuka maji ya chumvi, yaani chakula cha kutu. Bolti za kiwandani za kava la klachi zilikuwa M6 (unene wa milimita 6), chuma kilichopakwa zinki, kichwa cha pembe sita cha spana namba 8 chenye kola chini yake. Zinki ilikuwa imekwisha. Vichwa vitatu vilikuwa vimeviringishwa na spana ya kurekebisha, ile ambayo gereji nyingi wanaiita spana malaya. Mwenye pikipiki akaamua zitolewe zote kumi, ziwekwe za aleni (kichwa chenye shimo la pembe sita) za stenlesi, zing'ae na zisishike kutu tena. Uamuzi huo si wa kijinga, na stenlesi yenyewe haikuvujisha oili. Kilichovujisha ni urefu.

Dalili ya kwanza ilionekana kabla ya kushika spana. Karatasi ya risiti ya mafuta ilipopitishwa chini ya vichwa vya bolti, iliteleza chini ya vichwa sita kama inayoingia chini ya mlango. Bolti imekaza, haizunguki hata kwa nguvu, lakini kichwa chake hakijagusa kava. Mbili nyingine, moja mbele na moja nyuma, zilizunguka bila mwisho kwa vidole. Moja, ile inayoshika kipande cha bati cha waya wa klachi, ilikuwa sawa kabisa. Na tundu la kumi halikuwa na bolti. Lilikuwa na kizibo cha silikoni nyeusi kilicholainishwa kwa kidole ili kifanane na kichwa. Kazi ya mikono ilikuwa nzuri, ni haki kusema hivyo.

Kwa hiyo kava zima lilikuwa linashikwa na bolti moja na silikoni.

Jinsi ilivyofika hapo ni rahisi. Fundi wa kwanza alihitaji sampuli ya kwenda nayo duka la spea Mwanjelwa. Alitoa bolti iliyokuwa rahisi kutoa, ile ya juu ya waya wa klachi, ambayo haiko chini ya oili na kichwa chake kilikuwa bado kizima. Ilikuwa M6 ya milimita 40. Duka likahesabu kumi za 40. Hakuna aliyejua kwamba katika kava hilo bolti ya 40 iko moja tu, na ndiyo hiyo aliyoishika mkononi.

Kiwandani kava hili lilitoka na bolti saba za 35, mbili za 45 na moja ya 40, na kila urefu una sababu yake. Kwenye matundu saba ya kawaida, unene wa kava ni milimita 23. Bolti ya 35 inapita hapo na kubakiza milimita 12 za kuingia kwenye uzi (meno ya ndani ya tundu) wa kreki, yaani mwili wa injini. Kwa M6 kwenye alumini hicho ndicho kipimo kizuri: uzi ulioshikana uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene wa bolti, yaani milimita 9 hadi 12. Tundu la waya wa klachi lina bati la milimita 3 juu ya kava, ndiyo maana likapewa bolti ndefu zaidi. Yale mawili ya 45 yana vibushi vya kuelekeza kava, vipande vya bomba ambavyo bolti inapita katikati yake. Kibushi kimezama milimita 7 ndani ya kreki, na eneo hilo halina uzi. Bolti inapita kava la milimita 26 hapo, inapita milimita 7 za kibushi, ndipo inakutana na uzi. Jumla 33 za bure, 12 za kushika.

Sasa weka 40 kila mahali. Kwenye matundu ya 35, bolti inataka kuingia milimita 17 ndani ya kreki. Matundu haya hayajatoboka upande wa pili, na uzi wake una kina cha milimita 16. Ncha inagota chini kabla kichwa hakijafika kwenye kava, na inabaki nafasi ya milimita moja. Hiyo ndiyo ile iliyopitisha risiti. Washa moja tu ya kawaida ya M6, yenye unene wa milimita 1.6, ingeokoa matundu yote sita, lakini pakiti haikuja na washa na hakuna aliyeidai. Kwenye matundu ya vibushi mambo yalikwenda kinyume: 40 ukitoa 33 ni milimita 7 za uzi. Kidogo zaidi ya unene wa bolti yenyewe. Alumini ikavutwa ikatoka na uzi wake.

Mkono haukuweza kugundua, na hapa mafundi wazuri wengi huteleza. Bolti iliyogota chini ya tundu inakupa hisia ileile ya bolti iliyobana kava. Inakaza ghafla, tena inakaza vizuri kuliko ile inayobana gasketi laini. Fundi akifuata mkono wake ataongeza nguvu kidogo "kwa usalama," na nguvu hiyo yote inakwenda kusukuma sakafu ya tundu. Kreki nyingine hupasuka hapo, ufa mwembamba kama unywele ambao utauona tu ukisafisha kwa petroli na kumulika tochi pembeni. Katika kisa hiki hakuna tundu lililopasuka. Hiyo ni bahati.

Tuseme pia kuhusu mpini. M6 ya kava inahitaji takriban nyutoni mita 10 tu, sawa na kilo moja iliyoning'inizwa kwenye mkono wa mita moja. Ukishika racheti ya nusu inchi yenye mpini wa sentimita 25, unahitaji kuvuta kwa kilo 4. Mtu mzima anavuta kilo 20 bila kujua kama amevuta, na hapo umefika nyutoni mita 50, mara tano ya kipimo. Racheti ya nusu inchi ni ya nati za ekseli. Kwa M6 tumia spana fupi ya ringi namba 8, au ufunguo wa aleni ulioshikwa karibu na kona.

Tundu moja la kibushi lilipata balaa la ziada. Uzi ulipokufa, bolti ya robo inchi ilitafutwa duka la vifaa vya ujenzi na kulazimishwa. Robo inchi ni milimita 6.35, na uzi wake wa kawaida una meno 20 kwa inchi, yaani hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.27 badala ya 1.0 ya M6. Kwa macho zinafanana kama pacha. Ikilazimishwa inaingia mizunguko miwili mitatu, inakaza, kumbe inachonga upya meno yaliyobaki kwa hatua isiyo yake. Bolti ikikataa kuingia kwa vidole mizunguko mitatu ya kwanza, itoe. Hakuna bolti ya kava inayopaswa kuanza kwa spana.

Kumwaga oili kulitoa kama nusu lita, wakati injini hii inabeba karibu lita moja. Kiki ikatolewa baada ya kupigwa alama ya rangi kwenye meno yake ili irudi palepale. Kava likagongwa pembeni kwa nyundo ya mpira hadi likaachia. Bisibisi haikuingizwa kwenye mwungano, maana mkwaruzo mmoja wa bisibisi kwenye uso wa alumini ni njia mpya ya oili ambayo gasketi haiwezi kuifunga. Ndani, nyuzi za silikoni zilikuwa zimelala kwenye nyavu ya chujio la oili kama tambi. Silikoni inayopakwa nene inabanwa nje na ndani kwa pamoja. Ya nje unaifuta, ya ndani inakwenda kuziba njia ya pampu. Nyavu ilioshwa kwa petroli na uso wa kreki ukakwanguliwa kwa kipande cha mbao ngumu na thina ya rangi.

Kabla ya lolote jingine, umbo la kava lilichorwa kwenye ubao wa boksi la katoni, na tundu likatobolewa kila mahali palipo na bolti. Pembeni ya kila tundu kikaandikwa kina chake. Kina kinapimwa kwa mkia wa venia (kipimo cha chuma cha kuteleza). Usipokuwa na venia, kipande cha spoku kilichonyooka na rula vinatosha. Unapima unene wa kava, unapima kina cha tundu kwenye kreki, unajumlisha, unatoa milimita 2 za usalama. Huo ndio urefu wa mwisho kabisa ambao bolti inaruhusiwa kuwa nao. Tundu lisafishwe kwanza, kwa upepo wa kompresa, kitambaa kikiwa juu ya tundu ili uchafu usiruke machoni: oili na tope vikijaa chini, bolti sahihi nayo itagota.

Kizibo cha silikoni kilificha bolti ya kiwandani iliyokatika milimita 2 chini ya uso wa kreki. Ilikatika wakati wa kutolewa, na kisa cha kukatika kinajulikana: kutu nyeupe ya alumini imeibana, fundi amevuta kwa mpini mrefu bila kupasha moto. Ingepigwa oili nyepesi ya kupenya usiku kucha, kisha kreki ipashwe kwa moto wa gesi hadi tone la maji liruke, kisha bolti izungushwe mbele na nyuma robo robo, uwezekano wa kuitoa nzima ungekuwa mkubwa. Alumini inatanuka kwa moto karibu mara mbili ya chuma, na ndiyo siri yote ya kupasha.

Kuitoa sasa kulihitaji kutoboa, na kutoboa bolti ya M6 kwa mkono ni kazi ya kuharibu kreki. Chuma ni kigumu, alumini ni laini, biti ikiteleza inakimbilia kwenye ulaini. Suluhisho lilitoka kwa fundi leithi (mashine ya kuchonga chuma): kibushi kidogo cha chuma, nje milimita 6.4 kiingie kwenye tundu la kava, ndani milimita 3. Kava likarudishwa mahali pake juu ya vibushi vyake viwili bila gasketi, kibushi kikatumbukizwa, na biti ya 3 ikapitia humo. Kava lenyewe likawa mwongozo, na biti haikuwa na pa kukimbilia. Baada ya hapo kava liliondolewa, tundu likapanuliwa kwa biti ya 4 kisha 5, ambayo ndiyo saizi ya kutoboa kwa ajili ya tepu (chombo cha kukata uzi) ya M6. Kilichobaki cha bolti kikawa utepe mwembamba kama springi ya kalamu. Tepu ikaingizwa taratibu, utepe ukakunjika ukatoka, na uzi wa asili ukabaki. Vile vyuma vya kutolea bolti vyenye uzi wa kushoto havikutumika. Kwa M6 ni vyembamba mno, vikikatika ndani biti ya kawaida haiviwezi, na hapo utakuwa umebadilisha tatizo la saa moja kuwa la wiki.

Tundu la kibushi ambalo halikuguswa na robo inchi liliokolewa bila kuongeza kitu. Bolti fupi iliharibu milimita 7 za juu tu. Chini yake uzi wa kiwandani ulikuwa bado safi hadi kina cha 16. Bolti ya 50 ingezama 17 na kugota, kwa hiyo ilikatwa kwa msumeno hadi 48, ikala milimita moja kati ya zile 2 za usalama. Nati ilifungwa juu yake kabla ya kukata, ili ikitolewa isafishe meno ya mwisho. Inazama milimita 15, na kati ya hizo 8 zinashika uzi mzima. Si nyingi, iko chini kidogo ya kipimo, lakini kwa kava la klachi lisilobeba uzito inakubalika mradi ikazwe kwa upole. Tundu la pili lilihitaji helikoili, yaani springi ya chuma inayokuwa uzi mpya: kibushi kikatolewa, tundu likapanuliwa kwa biti ya 6.3, likapigwa tepu maalumu ya helikoili (ya kawaida ya M6 haifai hapa), na springi ya uzi yenye urefu wa milimita 9 ikazungushwa hadi ikae nusu mzunguko chini ya sakafu ya kibushi. Ule mkia wa chini ukavunjwa na kutolewa, la sivyo ungebaki kwenye njia ya bolti.

Bolti zilizorudishwa hazikuwa za stenlesi. Mwenye pikipiki hakufurahi mara moja, kwa hiyo sababu ziwekwe wazi. Stenlesi na alumini zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi zinakuwa betri, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Bolti itang'aa miaka yote huku uzi wa kreki unageuka unga mweupe. Zinki iko karibu zaidi na alumini, tena inakubali kuliwa yenyewe kwanza. Pili, kichwa cha aleni cha M6 kina upana wa milimita 10 tu, kinazama kwenye alumini kisipowekewa washa, wakati kola ya bolti ya kiwandani inatandaza uzito. Tatu, na hii ni ya kwetu zaidi: tope la Isongole likikauka ndani ya shimo la aleni, ufunguo hauingii hadi chini, na shimo linaviringika. Kichwa cha nje cha namba 8 unakifuta kwa kidole. Anayeng'ang'ania stenlesi aweke washa, aongeze unene wake kwenye hesabu ya urefu, apake grisi ya kuzuia kugandana kwenye uzi (isiwe ya grafaiti, nayo huila alumini), na akaze kwa robo pungufu, maana uzi wenye grisi huteleza na mkono unapita kipimo.

Zikafungwa M6 za daraja 8.8 (kiwango cha uimara wa chuma) zenye kola: saba za 35, moja ya 40, moja ya 45 kwenye helikoili, na ile ya 48. Gasketi mpya, kavu, bila silikoni. Spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) haikuwepo, na haikukosekana. Mzani wa springi wa kuning'iniza, ule wa wauza nyama, ulifungwa kwenye mpini wa racheti sentimita 25 kutoka katikati ya boksi la spana linalokaa kwenye bolti, ukavutwa kwa pembe ya mraba. Mzunguko wa kwanza kilo 2, kwa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine kama nati za gurudumu la gari. Mzunguko wa pili kilo 4. Ile ya 48 iliishia kilo 3 na robo.

Katika pakiti ile ya stenlesi kulikuwa na bolti nyingine ambazo zilikuwa zimeshafungwa sehemu nyingine za pikipiki, nazo zikatolewa. Bolti mbili za M8 za kushika kalipa ya breki ya mbele ziliondolewa siku hiyohiyo. Stenlesi ya kawaida ya A2-70 huanza kuvutika kwenye megapaskali 450, ya 8.8 hustahimili hadi 640. Ukifunga breki mteremko wa kuingia Tukuyu ukiwa na mishikaki ya abiria wawili nyuma, tofauti hiyo si ya kwenye karatasi. Bolti za vikanyagio vilevile. Upande wa magneti, skrubu za nyota zinazoshika stata (koili za umeme) ndani ya kava zilinusurika kwa sababu hazikutoka. Kichwa cha aleni cha M6 kina kimo cha milimita 6, kirefu kuliko cha skrubu ya asili, na mahali pembamba kama pale kinaweza kukutana na sumaku inayozunguka. Zikihitaji kutolewa, tumia bisibisi ya kugonga yenye ncha inayojaa kwenye nyota, uigonge kwa nyundo huku ukiizungusha, na uziweke upya na tone la gundi ya bolti.

Stenlesi zilizobaki zilipata kazi kwenye madigadi, kibati cha namba na makava ya pembeni, mahali ambapo hazibebi kitu na wanaziona wapita njia.

Pikipiki iliwashwa dakika kumi, ikazimwa, ikaachwa ipoe kabisa, kisha kila bolti ikajaribiwa tena kwa mzani. Mbili za chini zilisogea nywele moja. Gasketi mpya hukaa. Nyingine hazikusogea. Ubao wa katoni wenye matundu kumi na namba zake ulikunjwa ukaingizwa kwenye mfuko wa nailoni, ukafungwa kwa mpira chini ya siti pamoja na spana namba 8.